Mstari Uliobaki Wazi Ukutani

Tarehe 11 Februari

Kwa mpwa wangu Mheshimiwa Kifutio,

Pokea salamu, na uzitunze vizuri usije ukazipoteza kama ulivyopoteza namba yangu ya simu. Mimi mzima, ila goti la kushoto limehamia upinzani. Kila nikitaka kusimama linapinga. Mama yako anakusalimu sana. Cherehani yake iko palepale barazani, na mkanda wa kupimia uko shingoni mchana kutwa. Lile turubai lako la kampeni zilizopita, lenye uso wako mkubwa kuliko mlango, bado amelitundika kwenye ukuta wa nyumba, nyuma ya kiti chake. Mteja akija kushonewa anaambiwa, "Mtazame mwanangu kwanza, halafu nyoosha mkono nikupime." Muuza mkaa wa jirani amepata mapacha, wanalia kwa zamu kama walinzi.

Naandika kwa sababu simu yako siku hizi inapokewa na kijana mwenye sauti iliyopakwa mafuta, na kila mara ananiambia uko kikaoni. Vikao gani hivyo, mpwa wangu, mtu hata chooni haendi?

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita lori la idara ya barabara lilipita mtaani likang'oa vibao vyote vya kando ya njia. Vyote! Cha kinyozi, cha fundi baiskeli, cha mkunga, na kile cha mng'oa meno nilichokichora jino lenye mizizi mpaka watoto wakawa wanavuka barabara wasilione. Kazi ya mikono yangu tangu nina nywele nyeusi ilirushwa ndani ya lori kama kuni. Unavijua vibao hivyo. Ulikuwa unanishikia kopo la mafuta ya taa, ukifuta herufi zilizochuruzika, ndiyo maana tukakuita Kifutio.

Nikamwuliza dereva, "Kwa amri ya nani?"

"Sheria mpya, mzee wangu. Hifadhi ya barabara imepanuliwa. Sasa hivi ni vibao. Kuta na baraza ni baada ya uchaguzi."

Akanionyesha kwa kidole mpaka unapopita. Uzio wetu umo. Baraza ya mama yako imo yote, na cherehani yake ndani yake.

Mama yako wala hakushtuka. Alisema, "Mwanangu aliikataa sheria hiyo. Kaniambia mwenyewe kwa simu." Na ameutangazia mtaa mzima, hata wasiouliza.

Basi nauliza kitu kimoja tu. Siku mlipoipitisha, ulisema ndiyo au ulisema siyo? Neno moja linanitosha, hata ukiliandika kwenye karatasi ya peremende.

Mjomba wako,
Brashi

*

OFISI YA MBUNGE
Tarehe 29 Machi

Ndugu Mwananchi,

Tunakiri kupokea barua yako, ambayo Mheshimiwa ameisoma kwa makini makubwa.

Mheshimiwa anathamini maoni ya wananchi wote bila ubaguzi. Kuhusu suala la goti, anakushauri ufike katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kuhusu mapacha, anakupongeza kwa dhati kwa kuwapata.

Masuala mengine uliyoyagusia yanafanyiwa kazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msaidizi, kwa niaba ya Mheshimiwa

*

Tarehe 6 Aprili

Mheshimiwa,

Ahsante kwa pongezi. Nimezipeleka kwa muuza mkaa, amesema kwa umri wangu nisivunjike moyo. Goti nalo limesoma ushauri wako likacheka, maana kituo cha afya kilicho karibu nami kingali karatasini.

Nilimsomea mama yako barua ile. Alicheka mpaka uzi ukakatika kwenye sindano, halafu akautunga upya, akasema, "Hiyo hajaiona yeye. Mwanangu hawezi kukuita Ndugu Mwananchi." Anakusalimu.

Kwa kuwa neno moja limekushinda, nimelitafuta mwenyewe. Pale maktaba ya mji wanaweka vitabu vya taarifa za vikao vyenu. Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe, kwa hiyo nilikwenda na miwani ya mama yako na binti wa maktaba akanisaidia kufunua. Mpwa wangu, kumbe mnaandikwa! Siku za kura za kuitwa majina, kila mmoja ameandikwa alivyosema. Nilikaa pale nikawa nakufuata kama mke anayefuata mume mlevi, jina kwa jina.

Sasa sikiliza nilichokifanya. Ule uzio wetu unaotazama barabara nimeupaka chokaa, nikapiga mistari kwa uzi wa chaki, nikagawa safu. Kushoto nimeandika jambo lenyewe, katikati MIMI, kulia YEYE. Herufi nyeusi, kivuli chekundu, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya na hakuna aliyenilipa.

LESENI KWA MAFUNDI WA MITAANI. Mimi: siyo. Yeye: ndiyo.
ZAHANATI KILA KATA. Mimi: ndiyo. Yeye: hakuwepo.
MARUPURUPU YA WABUNGE. Mimi: siyo. Yeye: ndiyo.
KUZUIA SIGARA SOKONI. Mimi: siyo. Yeye: ndiyo.
SHULE ZA UFUNDI. Mimi: ndiyo. Yeye: ndiyo.

Huo wa mwisho uliniudhi sana. Nimeuandika chini kabisa karibu na mfereji, kwa herufi ndogo.

Sheria ya barabara nimeikosa. Siku hiyo hamkuitwa majina. Kitabu kinasema Spika aliuliza, wengine wakasema ndiyo, wengine wakasema siyo, Spika akasikiliza, akasema wa ndiyo wameshinda. Basi! Yaani nyumba za watu zinavunjwa kwa kelele, kama darasa la watoto wanaoulizwa nani ana njaa.

Kwa hiyo mstari huo upo juu kabisa, na kwako pako wazi. Mimi: siyo. Yeye: pakavu. Watu wanapita, wanasimama, wananiuliza, "Brashi, hapa umeishiwa rangi?" Nawajibu, "Rangi ipo. Namsubiri mwenyewe."

Mjomba wako

*

Tarehe 20 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini hujambo wewe na mama. Mimi nipo, kazi tu. Watoto wamefunga shule, mdogo ameota meno ya mbele na anang'ata kila kitu, hata mkono wa dereva wangu. Naandika kwa mkono wangu ili usiseme tena ni msaidizi. Nisamehe kwa barua ile, wanaletewa nyingi wanajibu kwa mkupuo.

Mjomba, huo ukuta umeniletea aibu. Nimetumiwa picha yake na watu ambao hawanipendi. Mtu unayemwita mpwa wako unamwanika barabarani kama shati?

Na kama ni haki, basi iwe haki. Sigara sokoni, umeandika wewe ni siyo. Mjomba! Mlangoni pa karakana yako palikuwa na kibao ulichokichora mwenyewe, fuvu la kichwa na maneno MARUFUKU KUVUTA SIGARA, MAFUTA YA TAA HUMU. Nilifuta herufi zake kwa mkono huu. Ulimfukuza mpaka mchumba wa shangazi kwa kuwasha kipande. Leo unapinga kwa kuwa mimi nilikubali. Ningesema siyo, wewe ungesema ndiyo.

Na kwa nini shule za ufundi umeziweka mferejini?

Kuhusu sheria ya barabara, mambo ya Bunge si mepesi kama unavyoyaona ukiwa juu ya ngazi. Kuna chama, kuna kamati, kuna mazingira. Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Mwambie nampenda na nikipata nafasi nitakuja.

Futa ukuta huo, mjomba. Nakuomba kama mwanao.

*

Tarehe 2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Hii sasa ni barua, ina jasho. Mama yako aliinusa kabla sijamsomea. Anakusalimu, na anasema mtoto anayeng'ata apewe kipande cha karoti. Mapacha wa muuza mkaa wameanza kutabasamu. Kinyozi amepata kibao kipya, anakiingiza ndani kila jioni kama kuku.

Umenikamata kwenye sigara. Kibao kile kilikuwa changu na fuvu lile lilikuwa zuri mno. Nimepanda ngazi nikabadilisha. Sasa pameandikwa, Mimi: ndiyo. Yeye: ndiyo. Na shule za ufundi nimezitoa mferejini nikazipandisha juu, herufi kubwa. Umeona? Watu waliponiona najirekebisha hadharani, ndipo walipoanza kuuamini ukuta wote. Fundi baiskeli alisema, "Kumbe mzee hatungi." Umenifanyia kazi nzuri sana, ahsante.

Lakini umeandika ukurasa mzima, mbele na nyuma, na neno moja nililoomba halimo. Nimetafuta hata pembeni. Umesema chama, umesema kamati, umesema mazingira. Nilipokuuliza ukiwa mdogo nani kamwaga rangi ya bluu, pia ulianza na mazingira.

Unajua kinachoniuma? Si vibao peke yake. Kwenye ule mkutano wako wa mwisho ulinionyesha jukwaani ukasema, "Na hapa tuna mzee mmoja wa mtaani, mchora vibao." Mzee mmoja! Mimi niliyekubeba shingoni ukikojoa. Nilicheka na wengine, nikapiga makofi. Lakini niliweka moyoni.

Kwa hiyo hapa tunafanya hivi. Mama yako anaamini ulisema siyo. Anakutetea kwa kila anayekaa kwenye kile kiti, na juzi aligombana na mkunga kwa ajili yako, marafiki wa tangu ujana. Mimi sitamwambia kitu. Nafasi yako ukutani itabaki tupu. Ukiandika ndiyo, nitaiandika ndiyo, na utamweleza mama yako mwenyewe. Ukiapa siyo, nitaiandika siyo, nikuombe radhi mbele ya mtaa. Na ukiuacha ukuta ulivyo, ukakaa kimya mpaka uchaguzi upite, nami nitakaa kimya. Hayo yote nakubali.

Ila usiuguse.

Mjomba wako

*

Tarehe 5 Juni

Mjomba, shikamoo.

Natumaini wote wazima. Karoti imefanya kazi. Huku mvua zimezidi, na kampeni zinaanza hivi karibuni, kwa hiyo usingizi hakuna.

Sina la kuongeza kuhusu jambo lile. Nimekueleza.

Ningependa tu ujue kwamba wataalamu wa barabara wanafanya kazi zao kwa ratiba yao. Wakipita huko kwa jambo lolote, mimi sihusiki na siingilii. Msaidizi wangu atahakikisha mama hasumbuliwi kupita kiasi.

Msalimie mama sana. Mwambie nitafungua kampeni zangu hapo hapo mtaani, nataka akae jukwaani karibu nami, avae ile nguo ya kijani.

*

Tarehe 30 Juni

Mpwa wangu Mheshimiwa,

Mimi mzima. Mapacha wazima. Kinyozi mzima, na baiskeli zinaendelea kupata pancha. Nakusimulia ya Jumanne iliyopita, kwa kuwa wewe huhusiki na huingilii, kwa hiyo huyajui.

Asubuhi, chai haijapoa, mtambo wa njano uliingia mtaani. Ulipita duka la mkaa, ukapita kwa kinyozi, ukapita kuta zote zilizo ndani ya hifadhi, haukuzigusa hata kwa pumzi. Ukaja kusimama kwetu. Msimamizi wao alikuwa na kofia ngumu na adabu nyingi.

Mama yako akatoka na mkanda shingoni. "Wanangu, mmekosea nyumba. Si mlisema baada ya uchaguzi?"

"Mtaa mzima ni baada ya uchaguzi, mama. Hapa tumeambiwa leo."

"Na nani?"

"Ofisi ya mbunge."

"Basi mmekosea hata ofisi. Mbunge ni mwanangu."

Akakupigia simu pale pale, akaiweka sauti kubwa ili msimamizi asikie mwenyewe. Akapokea yule kijana wa sauti ya mafuta. Ulikuwa kikaoni. Mama yako akamwuliza, "Je, ni ninyi mliotuma mtambo?" Kijana akasema, "Mama, tuliagiza waondoe uzio tu, ile baraza wasiiguse sana." Watu wote walisikia. Mama yako aliikata simu taratibu, kama mtu anayefunga kitufe.

Wanawake wakaibeba cherehani nje, na mkunga akiwa wa kwanza. Uzio ulianguka kwa pigo moja, na mistari yangu yote ikalala kifudifudi. Nadhani hapo kijana wako angefurahi. Lakini nguzo za baraza zilikuwa zimeegemea uzio, unazikumbuka, tulizisimamisha mimi na wewe. Zikafuata. Bati likashuka kwa kishindo, likalikwaruza turubai lako ukutani, kamba zikakatika, na uso wako ukaporomoka polepole, paji, macho, tabasamu, mpaka chini vumbini.

Nyuma yake, kwenye ukuta wa nyumba, palikuwa na mstari mmoja. Herufi nyeusi, kivuli chekundu.

SHERIA YA BARABARA. Mimi: siyo. Yeye: NDIYO.

Watu wakasogea. Halafu kinyozi akaanza, akashika tumbo, akafuata fundi baiskeli, na mtaa mzima ukapasuka, hata yule wa mtambo alishuka kusoma. Nami nilicheka, mpwa wangu. Nilicheka kwa vibao vyangu vyote kimoja kimoja.

Mama yako hakucheka. Aliniuliza, "Uliandika lini?"

"Siku ulipokwenda kununua vifungo. Nilishusha turubai, nikaandika, nikalirudisha."

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilimjua."

"Na kama asingevunja?"

"Lingebaki nyuma ya uso wake. Lisingesomwa na mtu."

Alilitazama neno lile muda mrefu. Kisha akainama, akalikung'uta turubai vumbi, akalikunja pembe kwa pembe kama shuka la mgeni, akaliweka chini ya cherehani. Tangu hapo anashonea ndani, karibu na dirisha la jikoni, mwanga haumtoshi.

Nilikuomba neno moja, ukanitumia mtambo. Nimelipokea.

Brashi

*

Tarehe 4 Julai

Mjomba,

Leo sina salamu.

Umeshinda. Picha imefika kila mahali, na wapinzani wangu wameichapa kwenye fulana. Umefurahi?

Ndiyo, nilisema ndiyo. Nilikuwa nimekaa katikati ya watu wa chama changu, Spika akauliza, wote wakapaza sauti, nami nikapaza. Siyo moja isingesikika ndani ya kelele ile. Nilijua haiandikwi. Mama aliponipigia simu alikuwa na hofu ya baraza yake, nikamwambia anachotaka kusikia. Nilidhani nitaimaliza kimyakimya baadaye, nimlinde. Na uzio niliagiza, uondoke tu kabla sijafungua kampeni. Baraza sikuitaka.

Lakini na wewe ujitazame. Ulijua nguzo zimeegemea pale. Ulijua ukinichokoza vya kutosha nitaugusa ukuta, na ukiguswa baraza inashuka. Ulimfanya dada yako chambo, mjomba. Mimi nilimdanganya, wewe ulimvunjia.

Hapokei simu yangu. Nimepiga mpaka nimeona haya. Barua zako zote zilikuwa na salamu zake, ila ile ya mwisho. Niliisoma tena na tena nikidhani nimeruka mstari.

Mwambie nitamjengea baraza nyingine, kubwa. Mwambie nakuja Jumapili ya kwanza ya kampeni. Niandikie anasemaje. Mwambie anisalimu tu, hata kama hana lingine.

Kifutio

*

Tarehe 19 Julai

Mpwa wangu Kifutio,

Umejiita mwenyewe leo, nimeona.

Hilo la chambo ni kweli. Kwako siombi radhi, tumeshalipana. Kwake nimeomba, na jibu lake ni kwamba chai yangu sasa inakuja baridi na haina sukari. Nainywa yote.

Nilimsomea barua yako akiwa anashona. Sehemu ya kelele aliniambia niirudie. Niliirudia. Akauliza, "Kwa hiyo alijua haisikiki?" Nikasema ndivyo alivyoandika. Akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akasema, "Niletee brashi."

Nikadhani anataka kulipaka chokaa neno lile, na ningemwacha, naapa. Nilimletea kopo. Kumbe anataka nimpigie safu ya tatu. Nikapiga uzi wa chaki, nikaandika juu yake MAMA YAKE. Akasema sasa nimwandikie na mstari mpya, akanitajia maneno. Niliandika kama alivyosema.

ARUDI MIAKA MITANO MINGINE? Mimi: siyo. Yeye: ndiyo.

Sehemu yake akasema nisiiguse. Watu walishaanza kukusanyika, kinyozi ameacha mteja na nusu ya kichwa. Unajua mama yako shule hakwenda, herufi anazozijua ni zile wanazomwagiza wateja adarizi kwenye mifuko. Herufi za neno lile alizitoa wapi sijui, mimi nilimwona tu akivua mkanda shingoni na kupima ukutani, mwanzo na mwisho, kama anakupimia suruali ya shule. Kisha akachovya kwenye rangi nyekundu.

Alianza na S. Ikamchukua muda. I. Y. Hapo alikuwa amechovya rangi nyingi mno, ikachuruzika chini mstari mrefu mwekundu. Akamalizia O, imekaa upande.

Mimi ni mtu wa kazi, nikiona rangi inachuruzika mkono unakwenda wenyewe. Nilishachukua kitambaa cha mafuta ya taa.

Akanishika mkono. "Acha," akasema. "Hili asifute mtu."

Jumapili utakapofungua kampeni, jukwaa lako litatazama ukuta huo. Pale ndipo mahali pekee palipobaki wazi mtaani. Nguo ya kijani ameifua, na amesema atakuja, ila hatapanda. Atasimama chini pamoja na sisi.

Ulimwomba salamu. Nilimwuliza mara mbili nikiwa nimeshika kalamu. Amesema uje uzisome mwenyewe.

Mjomba wako,
Brashi